Nta Hainyooshwi

Wifi yangu hajawahi kumaliza jambo alilolianza, isipokuwa labda sahani ya chakula. Nasema mapema ili mnielewe. Alipostaafu ukarani, miguu mizima na ulimi mzima zaidi, alianza kushona. Akashona mapazia mawili, moja refu kuliko mwenzake, akaacha. Akaanza kuoka keki. Tulikula keki zilizobonyea katikati kama kiti cha mtu mnene, tukazisifu, maana yeye ni dada mkubwa wa mume wangu na kumsifu ndiyo kodi ya kukaa kwa amani. Akaacha. Kisha akafuga nyuki, mizinga mitatu nyuma ya nyumba. Nyuki walikaa naye miezi saba, wakamchoka, wakahama saa nne asubuhi bila kuaga. Sijawahi kuwaheshimu wadudu kama siku ile.

Walichomwachia ni nta, ndoo nzima. Balaa letu lilianzia kwenye hiyo ndoo.

Mimi kazi yangu ni kupiga pasi, na silisemi hilo kwa unyonge. Miaka ishirini na miwili nimesimama kwenye chumba cha pasi cha kampuni ya udobi, ile inayofua nguo za mahoteli na za wakubwa wa maofisini. Suruali niliyoipitia mimi, ukitelezesha kidole kwenye mkunjo wake utaangalia kama umejikata. Ndiyo maana kazini naitwa Mama Mkunjo. Na watu nimewajua kupitia nguo zao. Kuna bwana anayesimamia watu mia tatu na anajifutia mdomo kwa mkono wa shati. Wakurugenzi nimewajua kwa makwapa yao. Ukishaona hayo kila siku, mtu akija kwako na shingo ndefu unambetulia mdomo tu.

Sasa, nyumbani nina pasi yangu ya zamani. Ni ya umeme lakini haina mvuke, nzito, uso wake mtupu kama kioo, hauna tundu hata moja. Jumapili moja adhuhuri wifi akaja, akakaa, akanywa chai, akasifu chai, nikajua kuna jambo.

"Wifi, ile pasi yako isiyo na matundu bado unayo?"

"Ninayo. Umeleta nguo?"

"Sina nguo. Nataka kuchorea."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Kuchorea nini?"

"Picha! Unaiweka pasi chali, ikipata moto kidogo unaipaka nta ya rangi, unaigeuza unaipitisha kwenye kadi. Nimeona kwenye simu. Watu walichora kwa nta ya moto tangu zama za kale, wifi."

"Watu wa zama za kale hawakuwa na umeme."

"Basi sisi tumebahatika," akasema, akijimiminia kikombe cha pili. "Ila lazima pasi iwe haina matundu. Nta ikiingia kwenye matundu haitoki."

Nikasonya. Nilisonya kwa ndani, lakini nadhani alisikia. Nikamwambia pasi yangu ni ya nguo, na kama nyuki wenyewe wameitupa hiyo nta, yeye anaing'ang'ania ya nini? Mume wangu alikuwa pale pale na gazeti lake, hakuinua kichwa. Mume wangu ni mtu mwema, yaani ni mtu anayekubaliana na aliyesema mwisho.

Kesho yake nilirudi kutoka kazini, nikakuta rafu ya pasi tupu. Mume wangu alikuwa anautazama ukuta kwa makini, ungedhani unasoma taarifa ya habari.

"Pasi iko wapi?"

"Dada aliomba."

"Aliomba kwangu, nikakataa."

"Ndiyo maana akaja kuomba kwangu," alisema.

Sikuongea naye siku tatu. Siku ya nne nilimwongelesha kwa sababu kunyamaza kulikuwa kunampumzisha.

Wiki ikapita ndipo nikaenda kuidai pasi yangu. Wifi anakaa peke yake, nyumba ya vyumba viwili, na kile cha mbele alikuwa amekigeuza karakana. Nilipofungua mlango nilipokelewa na harufu ya nta ya moto, tamu na nzito, kama mshumaa umezimwa ndani ya chungu cha asali. Meza imefunikwa magazeti. Kamba imefungwa kutoka dirishani hadi kwenye kabati, na kwenye kamba vibanio vya nguo vimeshikilia kadi, kadi, kadi. Na katikati ya meza, imelala chali kati ya matofali mawili kama mgonjwa anayesubiri kupasuliwa, pasi yangu. Uso wake ulikuwa umepakwa kijani, buluu na rangi moja ya kutu ambayo sitaki hata kuikumbuka.

"Wifi!" nikapiga kelele. "Umeifanya nini?"

"Inafutika. Kaa uone kwanza."

"Sikai."

Lakini nilikaa, maana miguu ilikuwa inauma, nilikuwa nimetoka kusimama kazini kwa muda wa saa tisa.

Akakizungusha kidude cha joto hadi alama ya chini kabisa, ile ya nailoni. Akachukua kipande cha nta ya buluu, nta ya nyuki aliyoiyeyusha pamoja na kalamu za rangi za watoto, akakisugua kwenye uso wa pasi. Kikayeyuka kimya, kikatandaa. Akaongeza kijani kidogo pembeni. Akaigeuza pasi, akaipitisha kwenye kadi nyeupe inayong'aa, mara moja, kwa mkono uliolegea kama mtu anayefukuza nzi huku akiwaza mengine. Halafu akaikandamiza chini na kuinyanyua wima, pap. Pale ilipobanduka nta ilikuwa imevutana, ikaacha vijishipa, vimegawanyika na kugawanyika kama mgongo wa jani. Akaisimamisha pasi kwa ukingo wake, akaikwaruza juu kidogo kidogo, yakaota majani. Dakika mbili. Kulikuwa na ziwa, na nyasi, na kitu kwa mbali kama ukungu.

"Unaonaje?" akauliza.

Niliona vizuri tu. Lakini huyu ni mwanamke ambaye akipiga pasi shati lake mwenyewe anatoka na kola iliyosimama upande mmoja kama sikio la mbwa. Nikasema, "Naona kadi imechafuka."

"Jaribu wewe basi."

"Mimi? Wifi, mimi pasi naishika usingizini."

"Shika basi ukiwa macho."

Nikashika. Nikasugua nta, nikageuza, nikapitisha, kulia kwenda kushoto, kushoto kwenda kulia, hadi kila kona ikaenea. Nilipoinua, kadi ilikuwa kahawia. Kahawia tupu, laini, bila hata mstari, kama maji ya mtaro yaliyotulia. Nikachukua nyingine. Kahawia. Ya tatu nilijizuia, nikajiambia pitisha mara moja tu. Mkono ukafika mwisho, ukarudi wenyewe kusawazisha. Kahawia.

Wifi alicheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Wewe unanyoosha, wifi," alisema. "Nta hainyooshwi."

Nikainuka, nikaenda zangu. Nilipofika kona ya pili ndipo nikakumbuka kwamba pasi nimeiacha.

Sasa mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilifanya hivi: Jumatatu kabla ya kazi nilinunua pakiti mbili za kalamu za nta, zile za watoto wa chekechea. Muuzaji akaniuliza mjukuu ana umri gani. Nikamwambia minne. Sina mjukuu.

Kazini tuna kadi ngumu tunazoziweka ndani ya mashati yaliyokunjwa ili yasilegee. Upande mmoja ni kijivu, upande wa pili mweupe na unang'aa. Na pembeni ya chumba cha pasi kuna pasi ndogo ya mkono, ya mvuke, ambayo ni mimi pekee ninayeitumia, kwa kola na mishono. Saa ya mapumziko wenzangu wakitoka kwenda kula, nilijifungia. Nilikuwa nataka jambo moja: nifanye picha moja tu, nzuri kushinda zake, niipeleke niiweke mezani kwake, niseme, "Haya, na hii nayo imenyooshwa?" Kisha nisishike tena uchafu ule maisha yangu yote.

Ya kwanza, kahawia. Ya pili nikatumia rangi moja tu ili zisichanganyike. Nikapata kadi nyekundu. Nikajifunza kuinyanyua pasi wima, vijishipa vikatokea, nikafurahi, na kabla furaha haijafika tumboni mkono ukavisawazisha. Siku nyingine nilitumia mkono wa kushoto ili kuukomoa wa kulia. Nikapata kitu kama alama ya tairi. Nilikuwa nazificha kwenye bati la biskuti, nyuma ya magunia ya wanga. Wiki ya tatu zilikuwa thelathini na saba. Kila siku nikimaliza niliifuta pasi kwa kitambaa, nikaiangalia, inang'aa. Nilijisifu kwa usafi wangu.

Mwenzangu aliyekuwa karibu zaidi na chumba cha pasi ni mfuaji tuliyemwita Mama Povu. Ni mwanamke mpole, mikono imechujuka kwa sabuni hadi alama za vidole zimefutika. Nilikuwa namdharau. Nikiona doa limepita kwake, hata dogo kama tako la sisimizi, nilibeba nguo, nikavuka ukumbi mzima nikiwa nimeinyanyua juu, nikamrudishia mbele ya watu. "Mama Povu, macho yako uliyaloweka na hizi?" Watu wakicheka, yeye alichukua nguo akasema, "Samahani, dada," akarudi kwenye karo. Miaka mingi.

Alhamisi moja ikaja suti nyeupe. Mwenyewe alikuwa kiongozi wa bendi, jamaa mwenye kitambi na viatu vyeupe, aina ya mtu anayejitazama kwenye kioo cha gari la mwenzake. Aliitaka saa kumi kamili kwa sababu alikuwa na onyesho. Mama Povu aliifua ikatoka nyeupe hadi macho yakauma. Mimi nikaipitia suruali, nikapitia mikono ya koti. Mgongoni kulikuwa na mshono wa katikati uliohitaji mkono mwepesi, nikachukua ile pasi ndogo. Nikabonyeza mvuke.

Ikatema.

Sina neno lingine. Ilikohoa kama mtu aliyepaliwa, kwenye kila tundu likatoka tone, zambarau, kijani, nyekundu, likatua kwenye mgongo wa koti jeupe na kutandaa mbele ya macho yangu. Nta ya wiki tatu ilikuwa imejificha ndani ya yale matundu, imelala, inasubiri joto kali. Nami nilikuwa nimeambiwa. Nimeambiwa kwa Kiswahili fasaha nyumbani kwangu, juu ya chai yangu mwenyewe.

Nilifanya kile kinachofanywa na kila mpiga pasi: nikaweka karatasi juu na pasi ya moto juu yake ili karatasi inywe nta. Ikanywa nta, ikaacha rangi, na rangi ikaenda kutembea. Doa la ukubwa wa sarafu likawa la ukubwa wa kisahani. Ilikuwa saa sita na robo. Nikachukua simu.

"Wifi, nta ya rangi kwenye kitambaa cheupe inatokaje?"

"Kitambaa gani?"

"Usiulize. Inatokaje?"

"Umepitisha pasi tena juu yake?"

Nikakitazama kile kisahani cha rangi.

"Umepitisha," akasema. "Acha hivyo hivyo. Usitie maji ya moto. Nakuja."

"Usije, niambie tu..." Alikuwa ameshakata.

Alifika baada ya nusu saa, kanga moja kichwani na nyingine kiunoni, kapu mkononi, anahema. Kutoka kwenye kapu akatoa chupa ya tapentaini, sabuni ya vyombo, karatasi laini bunda zima, kijiko butu na barafu ndani ya mfuko. Mlinzi alimpitisha akidhani ni fundi. Na kweli, kwa saa mbili zile alikuwa fundi. Mwanamke huyu ameharibu vitambaa vyote vya meza alivyonavyo, magauni manne na zulia, na kila alichokiharibu alikaa nacho hadi akajua kinavyotengenezeka. Aliigandisha nta kwa barafu, akaikwangua kwa kijiko. Akalaza karatasi chini ya doa, akalidona kwa nyuma na tapentaini, tone kwa tone, akabadilisha karatasi, akadona tena. Rangi ilianza kushuka kwenye karatasi, zambarau kwanza.

"Sasa inahitaji mkono wa kufua," akasema. "Mkono unaojua. Nani anafua hapa?"

Nikamwita Mama Povu. Akaja, akaliona koti, akaniona mimi. Hakuuliza. Alilichukua kama mtu anavyochukua mtoto mgonjwa wa jirani, akalipeleka kwenye karo, akaanza na sabuni ya vyombo, kidole gumba juu ya kidole gumba.

Na hapo ndipo akaingia msimamizi wetu. Tunamwita Faili, kwa sababu hajawahi kuonekana bila faili kwapani. Nadhani hata kuoga anaoga nalo. Akamkuta Mama Povu na koti jeupe lenye mgongo wa rangi, mikono yake imejaa povu la kijani.

"Hii ni nini?" akauliza. "Mama Povu! Suti ya mteja wa saa kumi?"

Mama Povu akanitazama. Wifi akanitazama. Mashine zote zilikuwa zinaunguruma lakini mimi nilisikia pumzi yangu.

Nilinyamaza.

"Kesho asubuhi barua yako ya onyo iko mezani kwangu," Faili akasema. "Hii ni ya pili mwaka huu, unajua maana yake." Akaandika kitu kwenye faili, akaondoka akiwa ameridhika. Mama Povu akaendelea kufua. Hakusema hata "samahani, dada" safari hii.

Saa kumi kasoro dakika ishirini koti lilikuwa jeupe. Kulibaki kivuli cha kijani kama punje ya dengu karibu na mshono, ambacho hakionekani hadi uambiwe. Nililipiga pasi kwa mashine kubwa, nikalivisha mfuko. Yule wa bendi alikuja, hakulitazama koti, alijitazama yeye kwenye kioo cha kaunta, akaondoka. Watu kama hao ukiwapa gunia safi wanalivaa.

Wifi alikuwa bado amekaa kwenye kigoda chumba cha pasi, anajipepea kwa gazeti.

"Nta iliingiaje kwenye pasi ya kazini?" akauliza.

Ningeweza kudanganya. Lakini alikuwa amenyoosha mguu na mguu umegusa magunia ya wanga, na bati limegonga ukuta. Akaliona, akalitoa, akalifungua. Nikasimama pale kama hanga ya nguo. Akazitoa kadi moja moja, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha, taratibu, bila kuruka hata moja. Thelathini na saba. Nilikuwa nasubiri. Nitasema ukweli: nilikuwa nasubiri aseme kwamba mojawapo, hata moja, ina kitu.

"Mbaya," akasema. Akaweka chini. "Mbaya. Hii nayo mbaya. Hii..." akaigeuza juu chini, akafinya macho. "Hapana, hii ni mbaya zaidi."

"Basi, wifi, nimesikia."

"Keki zangu zilikuwa mbaya pia," akasema. "Nilijua. Mlikuwa mnakula mnasifu huku mnatafuta maji. Mwaka mzima hakuna aliyeniambia. Niliacha kwa sababu hiyo. Utajifunzaje kwa watu wanaokusifu?" Akafunga bati. "Mapazia ndiyo yaliniboa tu."

Wakati wote ule tulidhani tunamtunza, kumbe alikuwa anatuona.

Alipofika mlangoni akageuka. "Yule mama anayefua ana watoto wangapi?"

"Sijui."

"Umefanya naye kazi miaka mingapi?"

Akaenda zake.

Asubuhi niliingia kwa Faili kabla hajaketi, bati mkononi. Nikamwambia ni mimi. Nta ilikuwa ya kwangu, pasi niliichafua mimi, Mama Povu alikuwa anasaidia kuondoa.

Faili alitabasamu, tabasamu la padri. "Mama Mkunjo, huruma yako inakupendeza. Lakini usimkingie kifua mtu mzembe."

"Simkingii mtu. Nimesema ni mimi."

"Wewe? Miaka ishirini na miwili bila doa?" Akatikisa kichwa. "Nenda kafanye kazi, mama."

Mnaona jinsi sifa inavyoweza kukufungia mlango? Jina nililolijenga kwa kuwadharau wenzangu lilikuwa limeketi kiti cha Faili linanikatalia kusema ukweli. Nikalifungua bati, nikalimwaga mezani kwake, juu ya faili lenyewe. Kadi zikatandaa, kahawia, nyekundu, ya tairi.

Akaokota moja kwa vidole viwili. "Hizi ni za mjukuu?"

"Ni zangu. Nachora kwa pasi, saa ya mapumziko, kwa ile pasi ndogo ya mvuke. Nta iliingia kwenye matundu. Kama huamini, leta kitambaa cheupe pasi ikitemee rangi hapa hapa."

Akaiangalia kadi, akaniangalia mimi. Kwanza pua ilianza, halafu mabega, halafu akacheka hadi faili likaanguka. Akamwita karani wa mapokezi aje aone. Karani akamwita dereva. Wakasimama wanapokezana kadi, dereva akizishika juu chini na kuuliza, "Hii ni nini, mama? Ni ng'ombe?" Nami nilisimama katikati ya ofisi ile, mimi niliyekuwa navuka ukumbi na madoa ya watu yakiwa juu, sasa yangu thelathini na saba yanazungushwa mkono kwa mkono. Masikio yalikuwa yanawaka. Sikutoka. Niliwaambia wacheke wamalize kisha aandike barua, na iandikwe jina langu.

Aliandika. Ina makosa matatu ya tahajia, na neno "uzembe" amelipigia mstari mara mbili kana kwamba mimi ni mtoto. Mtu hajui kuandika "kampuni" na anasimamia watu arobaini. Lakini ya Mama Povu aliichana, nilihakikisha kwa macho yangu vipande viko kwenye kapu la taka.

Nilikwenda kwenye karo kumwambia. Nilikuwa nimejiandalia maneno. Mama Povu alinisikiliza mikono ikiwa majini.

"Ulichelewa usiku mzima," akasema. "Sikulala."

"Nisamehe, dada."

Akaguna. Si ndiyo, si hapana. Akanigeuzia mgongo, akaendelea na mashuka ya hoteli. Wiki mbili nzima nguo za kwangu alizileta mlangoni na kuzitua bila salamu, na nilistahili. Doa nikiliona sasa namfuata mpaka kwenye karo, namwonyesha kwa sauti ya chini. Mara nyingine anakuwa ameshaliona. Ana watoto watano. Nilimuuliza.

Jumamosi ya wiki ile ya suti nilikwenda kwa wifi. Nilimsimulia kuhusu Faili, na dereva, na ng'ombe. Alicheka hadi akakohoa, ikabidi nimpige mgongoni, na nilimpiga kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Alikuwa ana kadi kubwa mezani, anatengeneza anga. Bado nasema mchezo wenyewe hauna maana. Mtu mzima, pensheni yake, amekaa anazipika kalamu za watoto na nta iliyokimbiwa na nyuki. Na wale wenzake anaozungumza nao kwenye simu, wanaotumiana picha na kuandikiana "ajabu!" na "hisia nzito!", hao ndio siwawezi kabisa, mmoja alituma kitu kama supu iliyomwagika na watu kumi na mmoja wakalia machozi. Nilimwambia wifi hivyo. Akasema hata yeye aliona ni supu, na akamwandikia hivyo, na sasa yule mtu haongei naye.

Akanisogezea kadi na kipande cha nta ya kijani. Nikapitisha pasi mara moja. Mkono ulitaka kurudi. Nikaukamata kwa mwenzake, nikaunyanyua. Pembeni, upande wa juu, palikuwa na vijishipa vitatu, vinne hivi, vyembamba, vinagawanyika. Kwingine kote ni matope.

Wifi akaegemea, akaangalia kwa muda mrefu.

"Mbaya," akasema. "Leta nyingine. Na sogea huko, umeniziba mwanga."